Penseli ya Fundi wa Spika

Fundi wa spika ana penseli sikioni na neno moja mdomoni: "Usijali, mama." Mama mwenye nyumba amelisikia tangu asubuhi, na kila likimtoka fundi, yeye damu inamchemka. Akimwambia atandike gazeti sakafuni, usijali. Akimuuliza kama ukutani hamna nyaya za umeme, usijali. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio kama daktari, anachora alama ya kutundikia spika juu ya kabati huku akipiga mluzi. Mama alikwenda jikoni kuepua chungu tu. Aliporudi, alama ya juu ya kabati ilikuwa palepale, haijaguswa, na tundu limetobolewa karibu na mlango, pale alipokuwa akimsimamisha mwanawe kila mwaka na kumchorea kimo chake.

"Nani kakutuma hapa?"

"Si nimefuata mistari ya penseli, mama?"

"Mistari ya mwanangu hiyo!"

Fundi aliutazama unga wa plasta sakafuni, akachomoa penseli sikioni, akaipuliza vumbi. "Usijali. Mwite asimame hapa, nimchoree upya."

"Asimame?" mama akafoka. "Huyo mtoto ana ndevu, baba! Ana ndevu!"