Galaksi Nilizozigandisha kwa Woga

Usiku wa kuamkia somo langu la majaribio ya kuomba kazi ya ualimu sikulala, kwa swali moja tu: yule ustadh wa madrasa ya Kinondo alikuwa anakuja darasani kutafuta nini? Mwalimu mkuu aliniambia, "Ataketi nyuma," basi. Nami, mhitimu wa fizikia niliyehangaika miaka miwili bila kazi, nikajijibu: anakuja kunitafutia kufuru.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, ustadh." Akaitikia marahaba, akatoa daftari. Daftari! Kila nilipofungua kinywa, aliandika. Nilipofikia jinsi gesi inavyovutana na kukusanyika mpaka galaksi ikazaliwa, nikageuza maneno. Nikawaambia wanafunzi kwamba galaksi hazizaliwi wala hazibadiliki, zimekaa vile vile tangu mwanzo. Nilisema hayo huku nikimtabasamia yeye.

Ustadh akainua mkono. "Mwanangu, picha uliyobandika ukutani yaonyesha galaksi mbili zinavutana ziwe moja. Sasa hazibadiliki vipi?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana wa mbele akasema, "Mwalimu, ushakamatwa!"

"Simkamati," akasema ustadh. "Mimi huwafundisha watoto wa madrasa kuhesabu mwezi unapoandama. Wakiniuliza galaksi zimetoka wapi, sina jibu. Nimekuja kusoma."

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Ningeweza kusema ulimi uliteleza. Nilichukua kifutio, nikafuta ubao wote. "Nimewadanganya kwa sababu nilimwogopa ustadh," nikasema, kisha nikaanza upya kuchora wingu la gesi.