Jiwe Uani kwa Zenebech

Zenebech si mtu wa kupendwa haraka. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu mume wangu aliponileta mtaa huu wa Debre Berhan, na mwaka wa kwanza wote nilimwona mwenye kiburi. Anapika injera za kuuza, ile mikate mipana ya unga uliochachuliwa. Alfajiri, baridi ikiwa bado inauma masikio, moshi wa jiko lake unaingia kwangu bila hodi, na ukilalamika anakwambia ukazibe ufa. Hakopeshi. Injera ikichanika hamuuzii mtu kwa bei ya chini, anaila mwenyewe. Kwenye kahawa ya mchana, tunapokusanyika kina mama kwa zamu nyumba hii na ile, anakunywa vikombe vyake vitatu, anasikiliza umbea wetu hadi mwisho, kisha anaondoka bila kuchangia hata neno. Mwanamke anayekula umbea bure hapendwi popote.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafia barabarani, akamwachia binti mmoja, Meklit. Kwa huyo mtoto kiburi chote kilikuwa kinamtoka. Nilikuwa namsikia kupitia ule ufa akimsuka nywele na kumwimbia, sauti mbaya kama ya mlango mbovu, na mtoto anacheka.

Sasa nimtaje Sahlu. Zamani sote tulimwita Gashe Sahlu, kama anavyoitwa mwanamume wa makamo mwenye heshima zake. Alikuwa mtunza vyombo wa chama chetu cha mazishi. Mahema, mabenchi, masufuria makubwa, vyote viko stoo na funguo ziko kiunoni mwake. Mtaani kwetu mtu anaweza kukosa harusi na akasamehewa, lakini hakuna anayethubutu kukosana na chama cha mazishi. Sahlu ndiye aliyesimamisha hema baba mkwe wangu alipofariki, tena usiku wa mvua. Wazee wetu wote wamepita mikononi mwake.

Siku ile Meklit alikuwa darasa la sita. Mamake alimtuma arudishe masufuria ya chama, baada ya arubaini ya jirani mmoja. Alirudi jioni hana kiatu kimoja wala sauti. Sitasimulia alichofanyiwa, kwa sababu si changu kukisimulia. Nilichokiona kwa macho yangu ni Zenebech akiufunika unga aliokuwa ameuchachua, akamfunga mtoto kwa shuka zito la pamba, akatoka naye. Hakumwogesha. Hakumwuliza mtu. Alikwenda hospitali, akatoka hapo akaenda polisi, na kabla hakujakucha Sahlu alikuwa amechukuliwa.

Mtaa ulishtuka. Nami nilidhani umeshtushwa na lile lililonishtua mimi.

Kumbe. Kesho yake zamu ya kahawa ilikuwa kwangu. Hata kikombe cha kwanza sijamimina, Mama Bereket, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliuliza ni mwanamke gani anayekimbilia polisi kama asiye na watu. Kwani wazee wamekufa? Mwingine akasema mtoto mwenyewe amekua haraka mno. Mwingine, tena huyu ana mabinti wawili, alisikitika kwamba sasa jambo limeshatoka nje, nani atamwoa Meklit? Wa mwisho alifuta machozi. Nikamwuliza analia nini. Akasema anamwonea huruma mke wa Gashe Sahlu.

Nilimwuliza Mama Bereket kama Bereket wake angezaliwa msichana angesema hayo.

"Usiniapize," akaniambia. "Mimi nasema tu kuna utaratibu."

Utaratibu. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila kombe linalofunikwa hapo ni mtoto wa watu, na mwanaharamu hapiti, anakaa, ana funguo za stoo kiunoni.

Sahlu alipata dhamana, akarudi. Aliwaambia polisi kwamba siku ile hakufika stoo kabisa, alikuwa shambani kwa nduguye. Akawa anapita mtaani funguo zikilia, watu wakimpa mkono na kumpa pole. Pole! Zenebech alibaki na injera zake. Wateja walimkimbia mmoja mmoja, wengine wakisema injera zake zimekuwa chachu, kana kwamba injera huwa tamu. Kwenye kahawa hakuitwa. Chama kikamtumia salamu kwamba asipokubali kuyamaliza na wazee, basi atafute watu wengine wa kumbebea jeneza. Na mpelelezi alikwisha kumwambia wazi: ukipatana nao, wewe na mtoto hamtasimama mahakamani, na mimi nitabaki sina kesi.

Nilimpelekea mkate, nikamwuliza atafanya nini. Alikuwa anapuliza moto. Akasema, "Nitapika." Hakuongeza neno, na mkate wangu akaurudisha nusu.

Wazee walikuja Jumapili baada ya ibada. Mbele alikuwa Gashe Mekuria, mwenyekiti wa chama, ndevu nyeupe na shuka jeupe. Nyuma yao alikuja Sahlu, ameinama, amebeba jiwe shingoni, amelishika kwa mikono miwili. Jiwe jeusi, zito, lile la huku kwetu milimani.

Hapo nikajua yamekwisha. Mkosaji akikujia na jiwe shingoni, huinama mbele yako hivyo hivyo mpaka useme "tua jiwe". Ukishasema, kosa limezikwa, na atakayelifukua ndiye mbaya. Ukikataa umewakataa wazee, umelikataa na kanisa. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa. Watu waliuona msafara ule tangu mbali, wakaufuata, ua wa Zenebech ukajaa mpaka langoni. Mimi na Mama Bereket tulibanana kando ya ukuta.

Zenebech alitoka kwenye kibanda chake cha jiko na uji wa teff, nafaka ya injera, mikononi hadi kwenye viwiko. Hakunawa. Hakumkaribisha mtu kiti.

"Zenebech mwanangu," Gashe Mekuria alianza, kwa sauti ile anayoitumia makaburini, "tumekuja kwa jina la Mama Mariamu. Mwenzio ameinama mbele yako. Mwambie atue, tunywe kahawa."

Zenebech alilitazama jiwe, akamtazama mzee.

"Gashe, amekosa nini?"

"Ah, mama. Makosa hayachambuliwi mbele za watu."

"Aliwaambia polisi siku ile hakufika stoo. Kama hakufika, hilo jiwe la nini?"

Naapa sikuwa nimelifikiria hilo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Tumezaliwa tumekuta watu wanabeba mawe na watu wanasema tua, basi. Gashe Mekuria alizipapasa ndevu zake, akasema jiwe ni kwa ajili ya amani ya mtaa.

"Basi libebe wewe," Zenebech akasema. "Mtaa ni wako."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajiziba mdomo. Wazee wakaanza kunong'onezana. Zenebech alisimama tu pale, anabandua uji uliomkaukia vidoleni, kipande kwa kipande, kama ana siku nzima. Na Sahlu hana ruhusa ya kutua, wala hakuna anayeruhusiwa kumpokea. Jasho likamtiririka puani, likadondoka mchangani, na bado hakuna aliyemwambia kitu.

Hapo ndipo lilipomtoka.

"Nisamehe, dada yangu. Shetani alinipitia. Mara moja tu, ni shetani."

Nilimsikia Mama Bereket akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Gashe Mekuria alimwambia Sahlu anyamaze, tena kwa ukali, lakini maneno yakimwagika hayazoleki. Ua mzima ulikuwa umesikia. Mtu aliyekuwa shambani kwa nduguye alikuwa amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya kanisa zima, bila kupigwa kofi.

Nikadhani nimeshtuka mshtuko wangu wote wa siku ile.

Langoni alikuwa amesimama Etete Wude. Ni bibi anayekaa nyumba ya mkabala, anasokota nyuzi za sufu na kuuza, mtu wa kimya, hata kwenye kahawa tunasahau kumpa kikombe. Aliuliza bila kupaza sauti.

"Mara moja, Sahlu?"

Sahlu hakuinua kichwa. Angeinuaje, na jiwe liko shingoni.

Etete Wude akamgeukia mwenyekiti. "Mekuria, waambie ile nyingine. Wewe ndiye uliyemleta kwangu." Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya njia, mlangoni kwake. "Lile pale ndilo alilobeba. Kwa ajili ya Tsehay wangu."

Tulitazama sote. Mlangoni kwa Etete Wude kuna jiwe jeusi. Lipo siku zote. Mvua zikinyesha tunafutia hapo tope la viatu kabla ya kuingia kwake. Mimi nimelikalia jiwe hilo nikimnyonyesha Henok wangu, nikila kolo, shayiri za kukaanga, za bibi huyu, nikimsema binti yake aliyekwenda Beirut kufanya kazi za ndani akiwa bado mdogo, hajarudi hata mara moja, simu hapigi. Tulimwita Tsehay mtoto asiye na shukrani. Tulimwambia hivyo mama yake, usoni, tukidhani tunampa pole.

Lakini Sahlu siye aliyenishtua zaidi, wala jiwe. Niliwatazama wale wazee, mmoja mmoja, nikitafuta uso uliopigwa na butwaa kama wangu. Hakuna. Walikuwa wanatazama chini, wamechoka tu, kama watu waliodaiwa deni wanalolijua. Walijua. Walimchukua mtu wanayemjua, wakampa funguo, wakatuachia tuwatume watoto kwake na masufuria.

Zenebech naye alikuwa amegeuka kumtazama Etete Wude. Aliacha kubandua uji vidoleni. Kisha akawarudia wazee.

"Aliyekosewa si mimi," alisema. "Ni mtoto, na mtoto simwiti. Kwa hiyo wa kumwambia atue hayupo hapa. Akitaka asimame nalo."

Akaingia kibandani. Tukasikia uji ukimwagwa juu ya kikaango cha moto, na harufu ya injera ikatoka. Sahlu alivumilia kidogo, akatazama huku na huku kwa jicho la pembeni, halafu jiwe likamponyoka na kuanguka kwa kishindo. Alikuwa amejitua mwenyewe, jambo ambalo kwetu halijawahi kuonekana. Aliondoka akishika shingo. Wazee walimfuata, na safari hii hakuna aliyewapisha njia kwa heshima, ilibidi wapenye.

Ungedhani kuanzia siku hiyo mtaa ulibadilika. Wiki haikuisha, Mama Bereket, yule yule niliyemsikia akikosa pumzi, alisema kwenye kahawa, zamu ikiwa kwake, "Lakini jiwe si alibeba? Mwanamke anataka nini zaidi?" Na vichwa vikatikiswa kukubali, si vyote, lakini vingi. Nilimwaga kahawa yangu chini ya jiko lake nikaondoka, na mpaka leo hatunywi pamoja. Mume wangu anasema nimezidi. Namwambia waliozidi ni wao.

Chama kilimfuta Zenebech. Mimi nilijifuta mwenyewe. Nani atatuzika sijui, ila maiti haijawahi kukaa juu ya ardhi kwa kukosa benchi. Wateja wa injera walirudi taratibu, maana njaa haina kinyongo. Jiwe la Sahlu liko pale pale uani lilipoangukia. Nilimwambia Zenebech tulisukume nje, akakataa. Anaanikia matambara yake ya jiko juu yake. Meklit yuko darasa la nane sasa, amerefuka, na ukimwangalia kwa huruma anakuangalia na wewe mpaka uone aibu.

Kesi ilisikilizwa na Sahlu akafungwa. Watu wengi walioyasikia maneno yake uani siku ile ghafla waliugua masikio, lakini mimi nilikwenda nikasema nilichosikia. Etete Wude alikwenda pia, amevaa nguo yake nyeupe ya sikukuu, fimbo mkononi. Alieleza habari za Tsehay kwa sauti ile ile ya chini, wakamwomba mara mbili aongeze.

Hakimu alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliandika, akasimamisha kalamu, akamtazama bibi.

"Mama," akamwuliza, "jambo zito kama hili, uliwezaje kunyamaza miaka yote hiyo?"

"Sikunyamaza, mheshimiwa," Etete Wude alisema. "Nilisema. Nilisema, 'Tua jiwe.'"