Mkutano ni Alhamisi

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka yote niliyofundisha huku upande wa Nuu, nikitokea mlangoni darasa zima lilinyamaza kabla sijaweka kitabu mezani. Nilipostaafu, kina mama wa kijiji wakanichagua mwenyekiti wa mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, na sikushangaa hata kidogo. Wangemchagua nani mwingine?

Tulikuwa tunajenga ukuta wa kukinga mto wetu, ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu isipokuwa siku chache za mvua. Ukuta ukisimama, mchanga unajaa nyuma yake na maji yanabaki humo ndani. Ukibebwa na mafuriko, tunarudi kwa punda na mitungi, safari ya nusu siku, na magoti yangu yalishakataa safari hiyo.

Sheria za kikundi niliziandika mimi, kwa mkono wangu. Mkutanoni, kila Alhamisi, anayeamua ni mwenyekiti. Mtoni anaamua msimamizi wa kazi, na mwenyekiti anabeba mawe kama wengine. Msimamizi tuliyemchagua ni mama mmoja mpole. Shule hakwenda, lakini amechimba maji kwenye mchanga ule tangu utotoni, na anaujua mto kuliko jikoni kwake.

Sasa, Jumanne moja mawingu yakaanza kukusanyika. Simiti ipo, kokoto ipo, mtaro wa msingi umechimbwa ukingo hadi ukingo. Yule mama akashuka mtaroni na mtaimbo, akawa anagonga mwamba hatua kwa hatua. Alipokaribia ukingo wa pili akagonga, akasikiliza, akagonga tena.

"Hapa bado," akasema. "Tuchimbe."

"Tuchimbe nini, mama?" nikamuuliza. "Huo si mwamba? Na mvua huioni?"

"Naiona. Lakini huu si mwamba. Ni jiwe tu limelala hapa."

Wee! Damu ikanipanda. Nikawageukia wenzetu, nikaitoa ile sauti yangu ya gwaride: "Korogeni simiti! Tunamwaga leo!"

Hakuna aliyesogea. Wanawake thelathini, karai mkononi, wananitazama tu. Baadhi yao niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe! Mmoja akaziba mdomo kwa leso, anacheka. Yule mama hata sauti hakupandisha.

"Mwalimu," akasema, "mkutano ni Alhamisi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka nitupe karai niende zangu nyumbani. Lakini ningemshtaki kwa nani, na sheria ni yangu? Nikainama, nikaokota jiwe. Nilibeba mawe nimenuna mpaka jioni, na hakuna aliyejisumbua kunibembeleza.

Kesho yake asubuhi jiwe likang'oka. Chini yake palikuwa na mchanga, mchanga laini uliolowa, kina cha mkono mzima. Ukuta wangu ungekaa juu ya huo! Nikakaa papo hapo mtaroni. Mwamba wenyewe tuliufikia mchana, tukaanza kumwaga simiti, na wa kwanza kupokea karai nilikuwa mimi.

Alhamisi mkutano ukafika. Yule mama alikaa nyuma kabisa, akainua mkono, akangoja mpaka nikamruhusu.

"Mwenyekiti, naomba kusema," akaanza, kwa heshima zote. Alitaka tuongeze siku moja ya kazi kila wiki. Nikasema sawa, na kesho yake wote walikuwa mtoni.

Mvua ilikawia, ashukuriwe Mungu, halafu ikaja kwa hasira. Ukuta haukutikisika, na siku hizi nachota maji karibu na shamba langu.

Wageni wanaokuja kuutazama huniweka mbele kupigwa picha, kisha wananiuliza mwenyekiti nilifanya nini hasa. Nawaambia ukweli. Niliwaamrisha wanawake thelathini, na wote wakanikatalia. Sijawahi kujivunia watu wangu kama siku ile.