Tabaga la Baba Husnah

Shemeji yangu Kamis alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta kwa miaka ishirini na nane. Alipostaafu akatulia nyumbani kwake Nateete, akiamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kuchorwa kwanza kwenye kompyuta. Mimi Rahmah, mdogo wa marehemu mkewe, ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kumtoa katika imani hiyo.

Mambo yalianza binti yake Husnah alipochumbiwa. Kwetu Wanubi, bibi harusi haendi kwa mumewe bila tabaga, yaani kawa la rangi la kufunikia chakula, tena liwe limeshonwa kwa ukindu nyumbani kwao. Siku ya harusi shangazi wa bwana harusi huligeuza, hulikagua ndani na nje, kisha huuliza ni mkono wa nani. Akiridhika, hulifunika juu ya sinia la kwanza mbele ya watu wote. Asiporidhika, hulipeleka jikoni kimyakimya, na mtaa mzima huwa umejua kabla wali haujapoa. Dada yangu ndiye angelishona, Mungu amrehemu. Nilijiandaa kulishona mimi, Kamis akakataa.

"Nitashona mwenyewe," akaniambia. "Sasa niko na wakati. Wewe unifundishe tu."

"Wanaume wa kwetu hawashonangi tabaga, shemeji."

"Kale, sawa, usiwaambie."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini alikuja kila asubuhi baada ya chai, miezi minne, akaketi mkekani pangu huku majirani wakimwita Mama Husnah. Hakukasirika hata siku moja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu, na hilo, nasema kweli, liliniudhi.

Kosa lake lilikuwa la watu wa kompyuta. Alichora ua la majani manane katika viboksi vidogo, akalichapisha, akalibandika ukutani kwangu bila ruhusa, kisha akawa anashona mshono mmoja kwa kila kiboksi. Binti yeyote wa Kinubi angemwambia kwamba tabaga ni duara, na kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliotangulia, ilhali mistari ya karatasi yake yote ilikuwa na urefu mmoja. Mimi nilinyamaza makusudi, nione. Mwezi wa pili ua likaanza kulala upande.

"Rahmah, hii kitu inakataa."

"Haijakataa. Ni wewe unaisomea karatasi."

Akafumua, akachora upya, akafumua tena. Mara ya tatu, wiki tano kabla ya harusi, nilishindwa kuvumilia nikaichana ile karatasi. Nilijuta papo hapo nilipouona uso wake.

"Kama haiishi," akasema polepole, "Husnah ataenda mikono mitupu, kama mtoto hana wazazi."

Nilisogea karibu naye. Nikamwonyesha jinsi dada yangu alivyokuwa akipima kwa kidole gumba bila kuhesabu, na kuongeza mshono pale jicho linapoona pengo. Tangu siku hiyo hakuchora tena. Alishona akiwa ametoa ulimi nje kidogo, na tabaga likakua.

Siku ya harusi, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mkali aitwaye Zulaika, alilinyanyua tabaga akaligeuza.

"Hii jani moja imelala," akasema. "Mkono ya nani?"

Husnah akajibu kutoka ndani ya shela, "Ya baba."

Zulaika akamtafuta Kamis kwa macho. Alikuwa kati ya wanaume, amevua kofia na kuishika mkononi. Zulaika akaligeuza tena, akapitisha kidole upande wa ndani, pale wavivu wanapoacha nyuzi zikining'inia. Hakukuta hata uzi mmoja. Akalifunika juu ya sinia la kwanza, na vigelegele vikajaa hema. Kamis alilia waziwazi, nami niliyemcheka miezi minne nililia kuliko yeye.

Jumatatu asubuhi nilimwona mlangoni na fungu jipya la ukindu mwekundu. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Ile ya Husnah imeisha," akasema, akivua viatu. "Hii sasa ni yangu. Leta sindano."