Pofu Ambaye Gwinyai Hakumpiga

Mume wangu Gwinyai alizikwa mwezi wa Juni, na wapo wanaosema alikuwa mzee mkaidi aliyeipiga teke bahati yake. Siku wanayoisema mimi nilikuwepo. Acha niieleze.

Alifuata nyayo miaka thelathini na mmoja kwenye kitalu cha uwindaji, bonde la Zambezi. Alipostaafu, vijana wa kampuni moja ya Harare walimwita awasaidie kutengeneza gemu ya uwindaji. Kwa siku arobaini aliwapangia wanyama mahali pao: nyati kwenye matete jua likiwa kali, tandala kwenye miti ya mopane, pofu kwenye miteremko ya miombo. Aliwafundisha kwamba pofu dume akitembea, magoti yake hulia kama vijiti vinavyovunjwa, na kwamba upepo ukipeleka harufu ya mtu, kundi zima hutimka. Nao walimwahidi kuandika jina lake kwenye gemu.

Gwinyai alikuwa wa ukoo wa Pofu. Kwa heshima tulimwita Mhofu, jina la mnyama huyo. Watu wa ukoo huo hawamuui wala hawamli; husemwa anayemla hung'oka meno. Mimi kwetu nilimla, lakini tangu niolewe hajaingia chunguni mwangu.

Siku ya uzinduzi, Tichafa, mkuu wa wale vijana, alimkabidhi kidude cha kuchezea mbele ya wageni ili afyatue risasi ya kwanza. Kwenye skrini alisimama pofu dume.

"Huyu simpigi," Gwinyai alisema. "Niletee nyati."

"Sekuru," Tichafa alimwambia, kama tunavyomwita babu, "ni picha tu hiyo. Hakuna atakayekupikia nyama yake."

"Picha tu? Siku nne mlinisumbua na magoti yake. Mlitaka alie kama pofu. Sasa analia kama pofu, unaniambia picha?"

Mgeni mmoja akadakia, "Mzee anaogopa meno yatang'oka."

"Yamebaki sita, mwanangu. Nayahitaji."

Watu wakacheka. Tichafa hakucheka. Alimwinamia, lakini nilimsikia. "Usiniaibishe, Sekuru. Usipopiga, jina lako tunalitoa kwenye gemu."

Habari ya jina lile kwenye gemu alikuwa ameshaitangaza kwa kanisa zima. Nilifumba macho nikamwomba Mungu ampe unyenyekevu. Mungu alimpa kitu kingine.

Nilipofumbua, alikuwa anamtembeza mwindaji wake wa kwenye skrini taratibu kuzunguka kichuguu, mpaka upepo ukawa mgongoni mwake. Dume akainua kichwa. Kundi zima likatimka, magoti yakilia ukumbi mzima, likapotelea kwenye miombo.

"Wako sawasawa," alisema, akarudisha kidude, akanigeukia. "Mama Tendekai, twende."

Jina walilitoa kweli, na gemu inauzwa. Baada ya mazishi mchungaji aliniuliza kama nimemsamehe marehemu ukaidi ule wa kimila. Nilimjibu kwamba Mungu alimuumba pofu, akampa watu wa kumhurumia, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Sina cha kusamehe. Kama umoja wa akina mama wa kanisa utanitenga kwa maneno hayo, nyumbani kwangu wanapajua.