Hodi ya Mikokoni

Mama yangu alikuja Muscat kwa mwezi mmoja tu, kutibiwa magoti. Magoti yakapona, au tuseme yakapunguza kelele, nami nikaanza kumbembeleza abaki. Sisi wanawe wote tuko huku. Kule kijijini kwao, kaskazini ya Pemba, kwenye ukingo wa msitu, amebaki mjomba peke yake, na mama akiugua hana wa kumpikia hata uji. Nilikuwa naogopa, wala sioni haya kusema. Yeye hakukataa, hakukubali. Aliendelea kuiita nyumba yangu ya Ansab "kwenu," na kila Ijumaa akimpigia mjomba simu kumkumbusha ampakie chokaa chumba chake kabla ya Idi.

Kosa letu kubwa watu wa Muscat, kwa maoni yake, ni miti.

"Mtende mzima unatiliwa maji kwa mpira!" aliniambia siku moja barabarani. "Huu mti au mgonjwa?"

Nilimwelewa, kwa sababu na mimi nimekulia kwenye msitu ule. Mivule yake watu watatu hawaikumbatii wakaimaliza. Popo wakubwa wananing'inia juu wakigombana mchana kutwa, na njia ni nyembamba, yenye majani mabichi hata kiangazi. Tukifika pa kuingilia, mama alikuwa akitua kikapu chake na kupiga hodi, kama mlangoni kwa mtu. Msitu ukinyamaza, tunapita. Ukijibu, tunageuza tunarudi kwetu, kwani mwenye kujibu mle si binadamu. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma yake nikiomba ujibu walau mara moja, maana ng'ambo ya pili kulikuwa na shamba la mpunga na kazi yangu ya kufukuza ndege. Haukujibu hata siku moja. Nauwekea kinyongo mpaka leo.

Basi alasiri moja nikampeleka Qurum. Nikamwambia jina lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni mikoko, na mikoko ipo, asijifanye hajaiona. Alishuka garini, akalitengeneza buibui lake, akaitazama kwa muda. Nilitaraji aniambie ni mifupi. Badala yake alisimama wima, magoti na yote, akaita kwa sauti ya shambani:

"Hodi!"

Watu waliokuwa wakifanya mazoezi wakageuka. Nikatamani ardhi inimeze.

"Karibu, mama!" mikoko ikajibu. "Karibu sana!"

Mama akanishika mkono akanivuta. Sijamwona akitembea haraka vile tangu magoti yaharibike. Nilipogeuka nyuma nikamwona mwenye sauti baina ya majani: dada wa Kitanzania, amekaa kivulini na kigari cha mtoto wa tajiri wake, anatupungia mkono na kucheka.

"Washa gari," mama alisema. "Turudi kwetu."

"Kwetu wapi? Pemba?"

"Kwetu Ansab, wewe! Hebu usinibabaishe."

Nikaendesha bila ya kumtazama. Kicheko kilikuwa karibu, na machozi pia. Lakini tulipokaribia nyumbani nikaona si vizuri kumwacha na hofu ya bure, nikamwambia aliyejibu ni yaya tu, mtu wa bara, nimemwona kwa macho yangu.

"Nnajua," alisema. "Nimeharibika magoti, si masikio. Mashetani ya kwetu hayasemi Kibara."

"Sasa mbona umekimbia?"

"Nimejibiwa. Ukijibiwa unarudi kwako. Umesahau hata hilo?"

Nilikuwa nalirudiarudia lile neno "kwetu" moyoni, nikihofia nikilitaja kwa sauti atalifuta.

Ijumaa akampigia mjomba simu kama kawaida yake. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, sikio langu limebaki sebuleni kwake. Waliulizana habari za mvua, za karafuu, za mbuzi wa jirani anayekula nguo. Halafu mjomba nadhani alimuuliza habari ya chumba.

"Chokaa iache," mama alimwambia. "Watie kuku."