Siku ya Kumnyoa Mtoto, Koboko

Nilirudi Koboko mwaka 1974 na diploma ya ualimu wa sayansi, niliyoitafuta mwenyewe kwa kuuza chai Arua. Nilihitajika mara moja. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto mweupe asiyefanana na mumewe, na mama mkwe wake alikataa apewe jina la ukoo.

Siku ya saba, siku ya kunyoa nywele, nilivaa tai nikasimama mbele ya wageni. Niliazima nyuzi mbili za shanga, nyekundu na nyeusi.

"Mume ana urithi wa nyuzi mbili, wa baba yake na wa mama yake," nikasema. "Mbegu ya uzazi inapotengenezwa, nyuzi hubadilishana vipande, kisha zinaachana. Kwa baba, mtoto hupata uzi mmoja wenye mchanganyiko mpya. Anaweza kutokea na sura ambayo baba yake ameificha damuni."

"Mwalimu, shanga iko mzuri," mama mkwe akajibu. "Lakini mutoto iko ya nani?"

Wembe ukapita. Nywele zilipoisha, yakaonekana masikio makubwa yaliyokunjika nchani. Wote wakamgeukia babu wa mtoto upande wa baba, mwanajeshi mstaafu. Akavua kofia. Masikio yale yale!

"Yangu iliruka kijana yako, mama," akamwambia mkewe, "ikaangukia mujukuu."

Mama mkwe akacheka hadi machozi, akampakata mtoto, akamwita kwa jina la ukoo. Vigelegele vikajaa ua.

Watu husema masikio ndiyo yaliyoshinda. Mimi najua ni diploma. Masikio yalikuja kutoa ushahidi tu.